KAYA, CHUNGU NA USIKU: UFAFANUZI WA ISTILAHI ZA SENSA MWANZA NA MWAMBAO WA ZIWA VICTORIA

Ikisiri

Makala hii inachunguza istilahi chache za msingi zinazotumika katika sensa ya watu nchini Tanzania, yaani kaya, usiku wa sensa, mkuu wa kaya na kazi, kwa kuzipima dhidi ya maisha ya wakazi wa Mwanza na visiwa vyake. Hoja kuu ni kwamba tatizo la istilahi hizi si uhaba wa maneno. Maneno yapo, lakini yametwaliwa kutoka lugha ya kila siku na bado yanaishi huko na maana zake za zamani. Kwa hiyo, kinachopaswa kumfikia mhojiwa ni jaribio analoweza kulifanya mwenyewe, wala si jina la dhana peke yake.

1.0 Utangulizi

Tangu Uhuru, Tanzania imefanya sensa sita: mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kati yao watu 3,699,872 walihesabiwa katika Mkoa wa Mwanza. Takwimu za namna hii hunukuliwa bungeni, magazetini na katika tasnifu za wanafunzi kana kwamba ziliokotwa zilivyo. Kumbe kila tarakimu imetanguliwa na uamuzi wa kilugha: nani ahesabiwe, ahesabiwe wapi, na aandikwe kuwa nani.

Uamuzi huo una matokeo yanayoonekana. Idadi ya watu ni miongoni mwa vigezo vinavyotumika katika kupanga shule, zahanati na mgawanyo wa fedha za halmashauri. Kisiwa ambacho wavuvi wake wamehesabiwa bara, kwa sababu kila mmoja alisema kwamba kwake ni Magu au Kwimba, kitaonekana katika jedwali kuwa na watu wachache kuliko wanaokunywa maji yake na kuugua humo. Kosa la aina hii haliwezi kusahihishwa na hesabu, kwa kuwa halikutokana na hesabu.

2.0 Istilahi, Fasili na Kigeu

Kabla ya kuingia katika mifano, yafaa kutenganisha dhana tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Istilahi ni neno linalotaja dhana katika uwanja maalumu. Fasili ni maelezo yanayoweka mipaka ya dhana hiyo. Kigeu ni sifa inayoweza kuwa na thamani tofauti kwa mtu mmoja na mwingine. Kwa mfano, jinsi ni kigeu chenye thamani mbili katika dodoso, ilhali umri ni kigeu chenye thamani nyingi.

Fasili ya kamusi hutosheka ikiwa imemwelewesha msomaji. Fasili ya sensa haitosheki na hilo. Ni lazima iwe fasili tendaji, yaani imwoneshe karani la kufanya anapokuwa mlangoni. Sifa zake ni tatu. Kwanza, isimwache mtu yeyote nje. Pili, isimruhusu mtu mmoja kuingia mahali pawili. Tatu, makarani wawili wakiitumia kwa watu walewale wapate jibu lilelile.

Hata jina la mahali lina fasili yake. Sensa ya 2002 iliupa Mkoa wa Mwanza zaidi ya watu milioni 2.9, ile ya 2012 iliupa watu 2,772,509. Msomaji asiyejua historia atadhani kwamba watu walipungua. Lililopungua ni eneo: mwaka 2012 ulianzishwa Mkoa wa Geita, na Wilaya ya Geita, iliyokuwa sehemu ya Mwanza, ikaingia humo. Neno Mwanza lilibaki lilelile huku kirejelewa chake kikiwa kimebadilika.

3.0 Kaya

Istilahi kaya ndiyo mhimili wa sensa yote, kwa kuwa watu huorodheshwa kwa kaya. Katika matumizi ya kitakwimu, kaya ni mtu mmoja anayeishi peke yake, au kundi la watu wanaoishi pamoja na kushirikiana katika chakula na mahitaji mengine ya maisha. Udugu si sharti: mpangaji anayekula na wenyeji wake ni mwanakaya, na mtoto wa kuzaa aliyeondoka na kujitegemea si mwanakaya tena.

Tatizo ni kwamba neno hili halikuzaliwa na takwimu. Miongoni mwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makazi ya kale ya jamii nzima yaliyozungukwa na msitu. Baadhi ya misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Katika Kisukuma, lugha ya wakazi wengi wa Mwanza, kaya ni nyumbani, yaani mji wa mtu pamoja na wake zake, wanawe, mifugo na nyumba zote zilizomo. Nyumba moja ndani ya mji huo ina jina lake, numba. Kwa hiyo, neno moja linataja makazi ya jamii huko pwani, mji wa ukoo huko Usukuma, na kundi la watu wa chungu kimoja katika dodoso. Ufinyazaji wa maana ni mkubwa, na mhojiwa hakuarifiwa.

Chukua mji wa Msukuma mwenye wake wawili, kila mke akiwa na nyumba yake, ghala lake na jiko lake. Karani akiuliza, “Kaya hii ina watu wangapi?”, mwenye mji atawataja wote, pengine watu kumi na wanne. Jibu lake ni sahihi kabisa kwa Kisukuma. Kwa fasili ya sensa, huenda hapo pana kaya mbili za watu saba. Jumla ya watu haikubadilika, lakini idadi ya kaya na wastani wa watu katika kaya vimebadilika. Wastani wa taifa uliotolewa na Sensa ya 2022, watu 4.3 kwa kaya, una maana tu iwapo makarani wote waliigawa miji ya aina hii kwa kanuni moja.

Je, kigezo cha kula pamoja kinatosha? Hapana budi kutenganisha kupika pamoja na kula pamoja. Katika desturi ya Wasukuma, wanaume na wavulana walikutana jioni kwenye shikome, moto wa uani, na chakula kilichotoka katika nyumba mbalimbali kiliweza kuliwa hapo kwa pamoja. Anayeuliza “Nani wanakula pamoja?” atapata kaya moja ya wanaume, anayeuliza “Chakula kinatoka katika jiko la nani, na nani anatoa unga?” atapata mgawanyo tofauti. Swali la pili ndilo linalokaribia zaidi dhana inayotafutwa.

Huko visiwani tatizo hugeuka. Katika kambi ya uvuvi, wavuvi huweza kulala katika banda moja na kupikiwa sufuria moja kwa gharama ya tajiri mwenye mitumbwi na nyavu. Kwa kigezo cha chungu wao ni kaya. Hata hivyo, ukimwuliza mmoja wao kaya yake iko wapi, atataja mahali alipomwacha mkewe. Kigezo kinawaunganisha; neno linawatawanya.

4.0 Usiku wa Sensa

Sensa ya Tanzania huwahesabu watu pale walipokuwa katika usiku mmoja uliowekwa: usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti mwaka 2012, na usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti mwaka 2022. Kazi ya kuhesabu huendelea kwa siku kadhaa, lakini maswali yote hurejea usiku huo. Mtoto aliyezaliwa baada ya saa sita za usiku haingii; aliyefariki baada ya saa hiyo anaingia.

Kiswahili kimeisaidia sensa hapa. Katika hesabu ya siku ya Waswahili, siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Wasemaji wengine, hasa vijana wa mijini, hulitumia fungu hilohilo kwa usiku unaofuata. Tungo “usiku wa kuamkia Jumanne” inaondoa utata wote, kwa sababu inautaja usiku kwa asubuhi yake.

Utata unabaki katika kitenzi. Swali la kawaida ni “Nani walilala hapa?” Kulala kuna maana mbili: kupitisha usiku mahali fulani, na kusinzia. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta, na uvuvi huo hustawi zaidi wakati wa giza, mwezi usipoonekana. Yafaa ikumbukwe kwamba usiku wa sensa ya 2012 ulikuwa siku tano kabla ya mwezi mpevu, ambapo ule wa 2022 ulikuwa siku nne hivi kabla ya mwezi kutoweka kabisa, yaani kipindi hasa cha giza. Mke wa mvuvi akiulizwa nani walilala hapa, atajibu kwa ukweli: “Mimi na watoto. Baba hakulala, alikuwa ziwani.” Naye mvuvi hakulala popote pengine.

Kanuni iliyozoeleka katika sensa za aina hii ni kwamba aliyekesha kazini, awe mlinzi, muuguzi au mvuvi, huhesabiwa katika kaya aliyotoka na atakayorejea asubuhi. Kanuni ni nzuri, lakini haimo ndani ya kitenzi kulala. Ni lazima iulizwe waziwazi: “Nani walilala hapa, na nani walitoka hapa kwenda kukesha kazini?” Nyongeza hiyo ya maneno machache ndiyo inayomrudisha baba katika orodha.

5.0 Mkuu wa Kaya

Mkuu wa kaya ni mtu ambaye wanakaya wenyewe wanamtambua kuwa ndiye kiongozi wao. Kigeu hiki hutumika baadaye kuzigawa kaya katika zile zinazoongozwa na wanaume na zile zinazoongozwa na wanawake, na tafiti nyingi za umaskini hujengwa juu ya mgawanyo huo.

Turudi katika mji wenye wake wawili. Ikiwa kila jiko ni kaya, na mume anahesabiwa pale tu alipolala, basi usiku ule alikuwa katika nyumba moja. Katika nyumba ya pili karani hana mume wa kumwandika, naye mke huandikwa mkuu wa kaya. Zamu ingekuwa imegeuka, jina la mkuu lingegeuka pia. Mwanamke huyo anaingia katika jedwali moja na mjane wa Nansio anayelea watoto peke yake na mfanyabiashara wa samaki wa Kirumba aliyejenga kwa fedha zake. Watatu hawa wana thamani moja ya kigeu, lakini hawana hali moja ya maisha. Mtafiti anayezitumia takwimu hizo bila kusoma fasili yake atakuwa anapima ratiba ya ndoa na kuiita umaskini.

6.0 Kazi

Mfano wa mwisho ni neno kazi. Katika mialo ya Ukerewe na Sengerema, wanawake hununua dagaa alfajiri, huwaanika mchangani au kwenye vichanja, huwageuza, huwaanua na kuwauza. Wengi wakiulizwa “Unafanya kazi gani?” hujibu, “Sina kazi, nipo nyumbani tu.” Kwao, kazi ni ajira yenye mshahara. Jibu hilo likiandikwa lilivyo, shughuli inayowalisha watoto itafutika katika takwimu za uchumi. Karani akitaja vitendo badala ya jina, kwa kuuliza kama mhojiwa amelima, ameanika, amesuka au ameuza chochote katika kipindi kinachohusika, jibu hubadilika.

7.0 Hitimisho

Mifano iliyochunguzwa ina mwelekeo mmoja. Kaya ilieleweka ilipogeuzwa kuwa swali la jiko na unga. Usiku ulieleweka ulipotajwa kwa asubuhi yake na kulala kulipoongezewa kukesha. Kazi ilieleweka ilipogawanywa katika vitendo. Katika kila hali, nomino ya kitaalamu ilibaki kwenye dodoso, na mhojiwa akapewa jaribio.

Matumizi ya vishikwambi katika Sensa ya 2022 yaliwapa makarani wote maneno yaleyale kwenye kioo. Hata hivyo, mahojiano hufanyika kwa mdomo, na kwa bibi wa Ukara au mzee wa Misungwi karani huenda akalazimika kutafsiri papo hapo. Mtafsiri wa Kisukuma anayekutana na kaya hatatafsiri kitu, kwa kuwa neno analo tayari. Na hapo ndipo kosa hupita bila kuonekana. Kwa mintarafu hii, inapendekezwa kwamba maswali ya sensa ijayo yajaribiwe kwa Kisukuma, Kikerewe, Kikara na Kijita kabla ya kuidhinishwa kwa Kiswahili. Kwamba maneno yanayofanana umbo na kutofautiana maana yaorodheshwe katika mwongozo wa karani. Na kwamba kila jedwali linalochapishwa liambatane na fasili ya vigeu vyake. Kazi ya kwanza kati ya hizo ni ya wanaisimu, nayo inaweza kuanza sasa, kabla siku nyingine ya sensa haijatangazwa.