Alama Zisizosomeka: Suala la Kasi katika Kidhibiti cha ESP8266

Mwanafunzi wa Kamukuywa, katika barabara ya Webuye na Kitale, anayeunda kifaa cha kupima kina cha mto huweza kukuta kwenye kompyuta alama zisizosomeka kila kifaa kiwakapo, kisha tarakimu sahihi. Wengi hulaumu waya, pasipo haki. Kidhibiti cha ESP8266 chenye fuwele ya megahezi 26 hutoa taarifa za kuamka kwa biti 74,880 kwa sekunde. Programu aghalabu hupangiwa 115,200. Kompyuta inayopokea kwa kasi ya pili hukata biti pasipo kituo, mithili ya mghani avunjaye mizani. Kasi ikibadilishwa, sababu ya kuwaka upya husomeka: 1 ni umeme kurejea, 4 ni programu kukwama, na vipimo vya usiku wa mvua kupotea.