Somo la Kompyuta kwa Vijana: Kuunganisha Ndani na Nje



Baadhi ya wazee wa kanisa wametuuliza kwa nini vijana wa darasa la kompyuta wanafundishwa kutengeneza michezo. Swali ni la haki, maana umeme wa darasa hilo hulipwa kwa sadaka. Tulimkaribisha mzee mmoja ajaribu zahanati waliyoijenga vijana ndani ya mchezo. Aliingia vizuri, akatazama vitanda, kisha akafungua mlango ili atoke. Mbele yake kukawa giza tupu. Akasema, "Wanangu, nimeingia, sasa natokea wapi?" Kosa hilo ndilo somo letu la robo hii.

Tunatumia The Elder Scrolls Construction Set, programu iliyotolewa mwaka 2002 pamoja na mchezo wa Morrowind wa kampuni ya Bethesda ya Marekani. Ni ya zamani, lakini kompyuta zetu za mitumba zinaimudu. Katika programu hiyo, nyumba unayoiona nje ni ganda tu. Vyumba vyake viko katika eneo jingine kabisa, linaloitwa seli, lenye jina lake. Ndiyo maana kibanda kidogo kinaweza kuwa na ukumbi mkubwa, na atakayelalamika labda ni fundi mwashi. Kinachounganisha maeneo hayo mawili ni mlango.

Weka mlango kwenye ukuta wa nje, kisha ubofye mara mbili. Tia tiki kwenye kisanduku kilichoandikwa Teleport, chagua jina la seli ya ndani, halafu bofya Select Marker. Utapelekwa kwenye alama inayoonyesha mahali atakapotokea mchezaji na upande atakaoutazama. Isogeze hadi mbele ya mlango wa ndani, juu ya sakafu, ikielekea chumbani. Usipoisogeza, mchezaji anaweza kujikuta ukutani.

Hapo umefanya nusu ya kazi. Mlango wa ndani ni mlango mwingine, na haujui lolote kuhusu ule wa nje. Nao utiwe tiki yake na alama yake, safari hii nje ya nyumba, ikiipa nyumba mgongo kama mtu anayetoka. Vijana wetu walisahau sehemu hii.

Kumbuka pia kwamba jua la nje halifiki ndani hata ukiweka dirisha; weka taa. Na weka kifaa kinachoitwa NorthMarker, ili ramani ya ndani ielekee sawa na ya nje.

Jumapili iliyofuata mzee alirudi. Aliingia na kutoka mara tatu, kisha akauliza mgonjwa wa kiti cha magurudumu atapandaje zile ngazi za mlangoni. Vijana hawakuwa wamelifikiria hilo. Sasa wanajenga mteremko. Suala la umeme litajadiliwa katika kikao kijacho cha baraza la wazee.