Biashara ya Kuni: Faida Iko Wapi Ukishatoa Gharama?

Ukisafiri kutoka Likoni kuelekea Lunga Lunga utaona matita ya kuni yamepangwa mbele ya nyumba nyingi, hasa kuni za mvinje. Wanunuzi hawakosekani. Kuna mama karanga, wapishi wa mahamri, shule za bweni, na harusi na matanga ambako sufuria ya pilau haiinjikwi kwenye jiko la gesi. Hata hivyo, wengi wanaoanza biashara hii huiacha kabla ya mwaka kwisha.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Pesa za mauzo alizitia kwenye kopo la maziwa, na humo humo alitoa za unga, za sare za watoto na za kununulia mzigo mwingine. Kwa kuwa kila jioni kopo lilikuwa na kitu, aliamini anapata faida. Siku alipokosa pesa za kukodi pikapu ndipo alipojua kwamba amekuwa akila mtaji.

Tufanye hesabu ambayo yeye hakuifanya. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za kwako, maana za Kinango si za Ukunda.

Umenunua matawi na vilele vya mivinje shambani kwa shilingi 5,000, ukakodi pikapu kwa 3,500. Nyumbani ukapata matita 200, ukauza kila tita shilingi 100. Mkononi una 20,000. Wengi hapa huondoa zile 8,500 na kusema wamepata faida ya 11,500.

Sasa rudi nyuma. Waliokata na kukusanya uliwalipa 1,500. Kupakia na kushusha, 1,000. Kupasua, kufunga na kamba, 2,000. Kibali na ushuru wa njiani, tuseme 500. Kiwanja unakodi kwa 1,500 kwa mwezi, na mzigo ulichukua wiki sita kukauka na kuuzwa, kwa hivyo hapo ni 2,250. Jumla ya gharama ni 15,750. Halafu matita kama 10 hayakuuzwa: mengine yaliliwa na mchwa, mengine jirani alichukua akasema atalipa. Mauzo ya kweli ni 19,000. Faida ni 3,250, na umeipata kwa siku 36 za kukaa kando ya barabara. Gawanya. Ni kama shilingi 90 kwa siku.

Hesabu hiyo hubadilika ukiwa na mizigo mitatu katika kiwanja kile kile na kwa wiki zile zile sita. Kodi ya kiwanja haiongezeki, na aliyekaa pale ni wewe yule yule. Gharama zote zinakuwa 42,750, mauzo 57,000, na faida 14,250, yaani karibu shilingi 400 kwa siku. Kwa sababu hii, wanawake wawili au watatu wanaochanga na kuchukua lori dogo pamoja hupata nafuu kuliko kila mmoja kuhangaika na pikapu yake. Mzigo wenyewe lakini lazima uwe na wanunuzi. Kuni zilizorundikwa uani ni pesa zilizolala.

Jambo la pili ni maji. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji kama nusu ya uzito wake. Chukua kilo 1,000 za kuni mbichi za namna hiyo, ziache zikauke mpaka maji yabaki asilimia 20, kisha uzipime tena: utakuta kilo 625. Hakuna aliyekuibia. Ikiwa unanunua kwa kilo na kuuza kwa kilo, kila kilo kavu imekugharimu zaidi ya kilo moja na nusu mbichi, na bei yako lazima ionyeshe hivyo.

Mpishi naye anapoteza. Moto hutumia nguvu kubwa kuchemsha maji yaliyomo ndani ya ukuni kabla ya kuchemsha yaliyomo kwenye sufuria. Kilo ya kuni mbichi hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo ya kuni kavu, na moshi ndio mwingi. Namjua kijana aliyepeleka lori la kuni mbichi katika shule moja ya bweni. Mpishi mkuu alichukua vipande viwili, akavigonganisha, vikatoa sauti nzito kama ya kugonga ndizi. Lori likageuzwa langoni. Kijana alilipa usafiri mara mbili, na oda ikaenda kwa mwingine.

Kukausha hakuhitaji mashine. Pasua kwanza, kwa sababu gamba huzuia maji kutoka. Panga juu ya mawe au magogo mawili ili hewa ipite chini na mchwa wasipande. Funika juu kwa makuti au bati, lakini pande ziache wazi. Nailoni ya kuzungushia rundo lote hufungia unyevu ndani. Weka alama kwenye kipande kimoja na ukipime kila wiki kwa mizani ya dukani. Uzito ukiacha kushuka, rundo liko tayari. Kuni kavu pia hupasuka nyufa kwenye ncha, na ukizigonganisha hulia kwa sauti kali.

Wajuzi hununua wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, jua likiwa kali na njia za mashambani zikipitika. Mwezi wa Mei mvua ikishika, kila mtu anauza kuni za kutoa moshi. Mwenye rundo kavu chini ya paa ndiye anayetaja bei.

Kuhusu sheria, leseni ya biashara hutolewa na kaunti, na ada yake hufuata sheria ya fedha ya mwaka husika. Ulizia katika ofisi ya kaunti ndogo yako. Kibali cha kusafirisha mazao ya misitu ni cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na hutafutwa kabla ya gari kupakiwa, wala si baada ya kusimamishwa kizuizini. Mwenye shamba athibitishe kwamba miti ni yake. Kuni za kaya hazinunuliwi hata zikiwa rahisi, na mikoko haikatwi bila leseni. Mzigo ukikamatwa umepoteza mtaji wote.

Shule ni mteja mzuri lakini mara nyingi hulipa muhula ukishapita. Usipeleke mzigo kwa maneno ya simu tu. Omba hati ya ununuzi yenye sahihi na tarehe ya malipo, na usiweke mtaji wako wote huko. Hawa wa rejareja wa kila siku ndio watakaokuweka mpaka hundi itoke. Vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa vitumie nafasi yao: asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa makundi hayo.

Tatizo lililobaki ni mti wenyewe. Mvinje ukikatwa chini kwa kawaida hauchipui tena, tofauti na mwarobaini au mkaratusi. Kila shamba la mvinje unalomaliza ni muuzaji mmoja umempoteza kwa miaka kadhaa, isipokuwa mwenyewe apande upya. Baadhi ya wafanyabiashara sasa hukubaliana na mwenye shamba wanaponunua: sehemu ndogo ya bei inawekwa kwa ajili ya miche, na miche hiyo inaingia ardhini mvua za masika zinapoanza.