Kutibu Uso wa Stenlesi Baada ya Kuchomelea: Matangi ya Mafuta ya Alizeti Singida

Katika mkoa wa Singida, ambako viwanda vidogo vya kukamua alizeti vimetapakaa mjini na vijijini, matangi ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, mara nyingi hutoka karakana yakiwa na michirizi ya bluu na kahawia kando ya viungo, na wengi huiona kuwa alama tu ya moto. Michirizi hiyo ni jeraha. Stenlesi hulindwa na utando wa oksidi ya kromiamu wenye unene wa nanomita chache, unaojijenga chuma kinapokutana na hewa. Joto la kuchomelea huuharibu utando huo na kupunguza kromiamu katika tabaka lililo chini yake, hivyo chembe za chuma huweza kuingia katika mafuta na kuyafanya yachache mapema.

Tiba huanza kwa kuondoa grisi kwa maji moto na sabuni. Kisha michirizi husuguliwa mpaka iishe, kwa brashi ya waya wa stenlesi au jiwe la grenda ambalo halijawahi kugusa chuma cha kawaida, kwa sababu jiwe lililokata nondo asubuhi hupandikiza vumbi la nondo kwenye tangi, likaota vidoa vyekundu, na mwenye tangi akadhani ameuziwa stenlesi bandia. Ipo pia dawa ya kupaka yenye asidi ya nitriki na ya haidrofloriki, ambayo hufanya kazi upesi. Lakini asidi hiyo ya pili hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu ya mwili, hivyo haifai kabisa katika karakana isiyo na vifaa kamili vya kinga.

Uso ukishang'aa, hulowekwa katika asidi ya sitriki, ile ile iliyomo ndani ya limau, kwa kiwango cha asilimia 4 hadi 10 ya uzito, kwa dakika zisizopungua 20 katika joto la nyuzi 21 hadi 49 za Selsiasi. Asidi hiyo huyeyusha chuma huru na kuiacha kromiamu ijenge utando upya. Suuza ya mwisho ni afadhali ifanywe kwa maji ya mvua, kwa kuwa kloridi iliyomo katika maji ya chumvi, kama yale ya maziwa Singidani na Kindai, hutoboa utando huo.

Tatizo la kutibu uso wa stenlesi limewafikia pia watengenezaji wa seli za haidrojeni, yaani vifaa vinavyozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, wanaochapisha sahani za stenlesi tabaka kwa tabaka kwa kuyeyusha unga wa chuma kwa leza. Huko chembe za unga zilizoyeyuka nusu hubaki zimeng'ang'ania uso, hivyo uso hulazimika kung'arishwa kwa umeme ndani ya asidi, ilhali utando ule ule unaozuia kutu huzuia pia mkondo wa umeme, ndiyo maana sahani nyingi huvikwa tabaka jingine linalopitisha umeme. Tangi la alizeti halina mvutano huo: ili kulipima, hulowanishwa na kukaushwa kwa zamu kwa saa 24, na kiungo kisichotoa doa la kutu kiko tayari kupokea mafuta.