Somo la Kikundi: Bei ya Chumba Si Bei ya Usiku

Somo letu la leo si la kuku wala la mboga. Ni somo la kulala. Najua wengine watacheka, lakini tafadhali someni mpaka mwisho, kisha mjadiliane kwenye mkutano wenu.

Kikundi chetu ni cha akina mama wa hapa Makadara, Nairobi. Tunauza leso. Leso za bei ya jumla tunazifuata Mombasa, pale Biashara Street, mtaa unaojulikana kwa leso na vikoi tangu zamani. Safari ya kwanza tulituma watu wanne, na mimi nikiwa mmoja wao. Tulipanga nauli, tukapanga pesa za mali, tukapanga hata chakula cha njiani. Habari ya kulala tulisema, "Tutaona huko huko." Basi tuliyaona.

Basi la usiku lilitufikisha saa kumi alfajiri. Kijana mmoja pale stendi akatudaka: "Mama zangu, njooni, kuna chumba cha bei rahisi." Tukamfuata, tukalipa vyumba viwili. Saa nne asubuhi mlango ukagongwa. "Siku yenu imekwisha. Mnaongeza ama mnatoka?" Tulikuwa tumelala masaa matano tu! Tukalipa mara ya pili. Neti za kitandani zilikuwa na matundu. Risiti hatukupewa, na sisi hatukuuliza.

Tuliporudi Makadara, hesabu ilikataa. Mweka hazina hakuwa na karatasi ya kuonyesha pesa zilikokwenda, na wenzetu wakaanza kunong'ona. Siku ya kumi na moja mwenzetu mmoja akashikwa na homa. Alidhani ni baridi ya Nairobi, akameza dawa za kichwa siku tatu. Alipopimwa ilikuwa malaria, na akalazwa. Kikundi kilichojengwa kwa miaka minne karibu kivunjike kwa sababu ya kulala vibaya usiku mmoja.

Tangu hapo tumekwenda mara nyingi, na tumejifunza. Haya ndiyo tunayowapa.

1. Habari ya kulala iamuliwe nyumbani

Kabla ya safari, mkutano uamue mambo matatu na katibu ayaandike: mtalala usiku mingapi, pesa za kulala zisizidi kiasi gani, na ni nani atakayelipa. Mkifika mmechoka, na mtu aliyechoka hukubali bei yoyote. Lakini mkiwa na kiasi kilichoandikwa, mnaweza kusema, "Asante ndugu, hii imetuzidi," na mkaenda nyumba ya pili bila aibu.

Ulizeni pia watu waliowahi kwenda. Makanisa kadhaa yana nyumba za wageni, na nyingi ni safi na hazina pombe. Pigeni simu mapema, hasa mwezi wa Desemba, wakati wa Pasaka na likizo za shule, kwa sababu wakati huo wageni ni wengi Mombasa na bei hupanda.

Jambo dogo la kukumbuka: Mombasa nako kuna Makadara. Iko pale pale kisiwani. Sisi tulimwambia mtu wa tuktuk, "Sisi ni wa Makadara," naye akajibu, "Basi mmeshafika, mama!" Kaloleni pia iko ya Nairobi na iko ya Kilifi. Kwa hiyo mkiandika kwenye kitabu cha wageni au mkiuliza njia, semeni Makadara ya Nairobi.

2. Tazameni saa ya kufika

Nyumba nyingi huhesabu siku kutoka saa nne asubuhi mpaka saa nne asubuhi ya kesho yake. Mahali pengine ni saa tano au saa sita. Ukiingia alfajiri, unalipa usiku ambao tayari umekwisha.

Zamani, garimoshi la usiku lilitoka Nairobi jioni na kufika Mombasa asubuhi. Watu walilala humo humo ndani na kufika wakiwa tayari kwa kazi. Garimoshi lile lilikoma mwaka wa 2017, na mwaka huo huo likaanza la reli mpya, Madaraka Express. Hili halianzii mjini. Linaanzia Syokimau, na mwisho wake ni Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Kwa hiyo ongezeni nauli ya matatu ya kutoka Miritini hadi mjini.

Siku hizi sisi tunapanda basi la asubuhi. Tunafika jioni, tunalala usiku mzima, na asubuhi tunakwenda Biashara Street tukiwa na akili timamu. Mchana tunapanda basi la kurudi. Tunalipa usiku mmoja, na tunaulala wote.

3. Ulizeni kabla ya kutoa pesa

Msilipe mlangoni. Salimieni kwanza. Watu wa Mombasa hupenda salamu na maneno ya taratibu. Ukiingia na kusema "Nataka room, ni ngapi?" utajibiwa, lakini ukisema "Shikamoo mzee, tunaomba vyumba viwili kama viko," utakaribishwa. Kisha ulizeni:

(a) Bei hii ni ya chumba ama ni ya kila mtu?
(b) Tukilala wawili chumba kimoja, kuna nyongeza?
(c) Saa ya kutoka ni saa ngapi? Na tukitoka, mizigo yetu inaweza kukaa hapa mpaka mchana?
(d) Maji ya kuoga yako, ama tunanunua ndoo?
(e) Chai ya asubuhi imo kwenye bei?
(f) Geti linafungwa saa ngapi, na nani anakaa na ufunguo usiku?
(g) Risiti iko?

Baada ya hapo ombeni kuona chumba chenyewe. Si chumba cha maonyesho, ni kile mtakacholala. Jaribuni komeo la mlango na dirisha. Washeni feni, kwa maana joto la Mombasa ni kali, hasa Januari mpaka Machi. Fungueni bomba. Inueni godoro na kumulika pembe zake kwa tochi ya simu. Alama ndogo nyeusi kama wino uliodondoka huonyesha kuna kunguni. Sikilizeni pia: kama chini kuna baa yenye muziki, hamtalala, na watu watakuwa wakipanda na kushuka usiku kucha.

Kama hamkuridhika, shukuruni na muondoke. Kuona chumba hakulipishwi.

4. Hesabu ya usiku mzima

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunashika bei ndogo na kusahau yale yanayokuja nyuma yake. Tazameni mfano huu wa watu wanne, vyumba viwili, usiku mmoja. Bei hizi ni za mfano tu. Zenu mtaziandika wenyewe.

Nyumba ya kwanza:
Vyumba viwili kwa sh. 600: sh. 1,200
Ndoo nne za maji kwa sh. 20: sh. 80
Kuwekewa mizigo mpaka mchana: sh. 200
Dawa ya mbu ya kuchoma, kwa kuwa hakuna neti: sh. 100
Tuktuk kwenda sokoni na kurudi, kwa kuwa ni mbali: sh. 400
Jumla: sh. 1,980

Nyumba ya pili:
Vyumba viwili kwa sh. 900, maji na neti ziko, mizigo inawekwa bure, na sokoni mnakwenda kwa miguu: sh. 1,800
Jumla: sh. 1,800

Chumba cha sh. 600 kimekuwa ghali kuliko cha sh. 900. Ndiyo maana tunasema, bei ya chumba si bei ya usiku. Mahali nako kuna bei yake. Kwa mfano, vyumba vya upande wa Likoni vinaweza kuwa nafuu, na watu wa miguu hawalipi kwenye feri. Lakini asubuhi na jioni umati ni mkubwa, na kuvuka na furushi la leso kichwani si mchezo. Kwa kazi yetu, nyumba ya kisiwani, karibu na Mwembe Tayari au Digo Road, imetufaa zaidi. Kutoka hapo hadi Biashara Street ni mwendo wa miguu.

5. Neti na maji

Sisi tunaoishi Nairobi hatuna mazoea ya malaria, kwa sababu huku kwetu ni kidogo sana. Hivyo hivyo kwa ndugu wanaoishi milimani. Pwani malaria iko, na mwili usio na mazoea huumwa zaidi. Mbu wake huuma usiku, wakati umelala. Kwa hiyo neti si ya starehe. Kama nyumba haina neti nzima, tafuteni nyingine, au bebeni zenu zilizotiwa dawa. Neti mbili hazijazi mfuko. Mama mjamzito aende kliniki kwanza kabla ya safari. Anayebeba mtoto mdogo pia aulize kliniki.

La muhimu kuliko yote: malaria haionekani siku ile ile. Kwa kawaida huja baada ya siku kumi mpaka kumi na tano, wakati umesharudi nyumbani na umesahau. Ukipata homa, kutetemeka, kuumwa kichwa au kutapika katika wiki zinazofuata, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na useme wazi, "Nilikuwa Mombasa." Mwenzetu hakusema, na hakuna aliyemuuliza.

Kuhusu maji: maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, kama vile chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na hayatoshi mji mzima. Kwa hiyo nyumba nyingi hutumia maji ya kisima, na mara nyingi yana chumvi. Yanafaa kuoga na kufua, lakini msiyanywe. Nunueni maji ya chupa, au ombeni yaliyochemshwa jikoni.

6. Pesa na mizigo

Zamani mweka hazina alishona pesa ndani ya sketi na hakulala usiku kucha. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007 mzigo huo umepungua. Wekeni pesa za mali kwenye simu, na namba ya siri asiambiwe mtu wa mapokezi wala kijana wa kubeba mizigo. Taslimu iwe ya chakula na nauli tu, na igawanywe kwa watu wawili.

Mkitoka chumbani, msiache simu wala vitambulisho. Usiku fungeni mlango kwa komeo, hata kama mwenye nyumba amesema hapa hakuna wizi. Kufuli ndogo yenu wenyewe ni rafiki mzuri.

Kila mnacholipa, ombeni risiti. Nyumba ndogo ikikosa kitabu cha risiti, andikeni kwenye daftari tarehe, kiasi na kazi ya pesa hiyo, kisha mwombe aliyepokea atie sahihi. Mara nyingi hukubali, mkiomba kwa upole.

7. Adabu ya mgeni

Mji wa Kale na mitaa iliyo karibu nao ni mitaa ya watu wenye dini na heshima zao. Vaeni nguo za stara. Alfajiri mtasikia adhana. Msilalamike kwa wenyeji. Mkienda mwezi wa Ramadhani, hoteli nyingi za chakula maeneo hayo hufungwa mchana, kwa hiyo pangeni mtakula wapi. Jioni baada ya futari chakula huwa tele.

Mkiondoka, acheni chumba kama mlivyokikuta na mwageni mwenye nyumba. Sisi mzee wa nyumba tunakolala sasa anatujua. Tukipiga simu anatuwekea vyumba, na tukichelewa anatusubiri. Heshima hiyo imetupunguzia gharama kuliko kubishana bei.

Mkirudi nyumbani

Kwenye mkutano wa kwanza, waliosafiri wasome hesabu yote mbele ya wenzao, risiti zikiwa mezani. Nguo za safari zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani, kunguni wasihamie kwenu. Kisha, baada ya wiki mbili, mwenyekiti aulize kila aliyesafiri, "Mwenzetu, mwili u mzima?" Swali hilo moja lingemwokoa mwenzetu asilazwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Safari ya mwisho ya kikundi chetu, nani aliamua mahali pa kulala, na aliamua lini?
2. Tuandike hesabu ya usiku ule mzima, si ya chumba peke yake. Ilifika ngapi?
3. Je, risiti zote ziko? Kama haziko, tutafanyaje safari ijayo ili mweka hazina asishukiwe bure?
4. Katika kikundi chetu, ni nani wasiosafiri Pwani kabla ya kwenda kliniki?
5. Tuchague mtu mmoja wa kuuliza habari za afya za wasafiri wakisharudi.