Mdoli wa Sandukuni
Somo: Mwanzo 1:27

Nikiwa mdogo huku Kitui, mgeni aliniletea mdoli wa kitambaa kutoka Uingereza: mweusi tititi, macho ya kutumbua, midomo minene myekundu. Huyo ni Golliwogg, wa vitabu vya Florence Upton, tangu 1895. Sura yake ilitokana na wazungu waliojipaka masizi kutuigiza na kutucheka. Mimi sikujua, nilimpenda tu, nikamtunza.

Juzi mjukuu wangu alimtoa sandukuni, akauliza, "Susu, huyu ni mimi?" Nilikosa jibu.

Kukumbuka utoto si dhambi. Lakini kinachoidhihaki sura ya mtoto kinamdhihaki Aliyemuumba kwa mfano wake. Nimemwondoa mdoli yule. Sasa tunashona mwingine pamoja.

Jiulize: nyumbani kwako, ni kitu gani kinamdanganya mtoto kuhusu sura yake?