KUCHAGUA PAZIA LA MLANGO WA VIOO
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliniagiza niandike makala ya kufunza jambo, si hadithi ya fisi na sungura, nami nimechagua mapazia. Najua wengine wenu mmeshaanza kucheka. Mvulana na mapazia wapi na wapi? Ngojeni kwanza. Mwishoni mwa makala haya kuna pesa za chama, tena ni zenu.

Pengine utauliza, mlango wa vioo hapa kwetu uko wapi? Kweli, haupo. Milango yetu ni ya mbao na mabati, na huko malishoni nyumba ni aqal, ile ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Mlango ninaouzungumzia uko Garissa mjini, sebuleni kwa mjomba wangu. Ni mlango mpana, vioo viwili vikubwa kuanzia sakafuni hadi juu. Kimoja hakitikisiki na cha pili husukumwa kando juu ya reli. Upana wake ni mita 2.4 na urefu mita 2.1, na unatazama magharibi. Kumbuka hilo neno magharibi.

Likizo ya Desemba iliyopita nilitumwa kwa mjomba kumsindikiza nyanya, mama yake mama. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, akaambiwa ajikinge na vumbi na mwanga mkali hadi jicho lipone. Mjomba kwa mapenzi yake alikuwa ameandaa sebule yote kwa ajili yake. Alinunua pazia la mahameli, rangi ya damu ya mzee, zito kama blanketi mbili. Muuzaji alimwapia kwamba hilo pazia haliruhusu hata sindano ya jua kupita. Na kweli halikuruhusu. Sebule ilikuwa giza mchana kweupe. Lakini ikifika saa kumi humo ndani palikuwa tanuri. Niliweka mkono nyuma ya pazia, kati ya kitambaa na kioo, nikautoa haraka kama aliyegusa pasi. Nyanya akawa anachagua: akae ndani ajasho, au akae nje jicho limuume. Siku ya tatu akasema tumrudishe Sangailu, na tiba ilikuwa bado haijaisha.

Hebu sasa tuingie darasani kidogo. Kioo cha kawaida kisicho na rangi hupitisha takriban sehemu nne kati ya tano za nguvu ya jua linalokipiga moja kwa moja. Nguvu hiyo ikikutana na kitambaa cheusi au chekundu kizito, kitambaa huinywa na kugeuka kuwa cha moto. Sasa kitambaa nacho huanza kutoa joto lake. Joto hilo si mwanga tena, ni mnururisho wa aina nyingine, na kioo hakiupitishi kurudi nje. Kwa hivyo linabaki ndani pamoja nawe. Pazia la mjomba lilikuwa limezuia mwanga vizuri sana, ila lilikuwa limeuzuia baada ya kuvuka mlango. Mwizi ameshaingia sebuleni ndipo unafunga komeo!

Nyanya yangu hajasoma fizikia hata siku moja. Alipomsikia mjomba akilalamika kuhusu pesa alizotoa, alimwambia kwa Kisomali, nami natafsiri: "Jua mmelikaribisha ndani, sasa mnalivisha nguo?" Kisha akaniita. "Maandow, leta ule mkeka wangu." Alikuja nao kutoka nyumbani, mkeka wa aqal aliousuka mwenyewe. Akataka utundikwe nje, chini ya paa la veranda, mbele ya kioo.

Mjomba hakupenda. Nilimwelewa. Mtu amejenga nyumba ya mawe na vioo, halafu mbele yake unatundika mkeka wa malishoni! Jirani akipita atasema nini? Nikamwambia, "Abti, tujaribu siku moja tu, ikishindikana nitautoa mwenyewe." Tukapigilia misumari. Tuliuacha mkeka umbali wa shubiri moja na nusu kutoka kwa kioo ili upepo upite kati yake, na chini tukafunga ufito usipeperuke. Alasiri ile tulilifungua pazia la mahameli na kusukuma kioo. Mwanga ulioingia ulikuwa mdogo na mtulivu, kama ulio chini ya mti. Nilipogusa kioo kilikuwa vuguvugu tu. Nyanya alilala usingizi hadi adhana ya magharibi.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Jua lizuiwe nje, kabla ya kioo. Pazia la ndani lina kazi zake nyingine, lakini ukilipa kazi ya kufukuza joto umelionea.

Jambo hili si uvumbuzi wa nyanya peke yake. Katika aqal mikeka ya ubavuni huweza kuinuliwa upande wa upepo na kuachwa upande wa jua, na wanawake wanaoijenga hufanya hivyo bila kuambiwa. Majirani zetu wa Lamu nao, katika nyumba zao za kale za mawe ya matumbawe, walijenga kuta nene, wakaweka madirisha machache upande wa njia, na mwanga wakaupata kutoka kiwanda cha ndani. Huko Misri na Uarabuni walitumia vimiani vya mbao mbele ya madirisha. Wote hao walipambana na jua nje. Sisi tulipoanza kununua vioo tulisahau kununua na kivuli chake.

Haya, kazi ya pazia la ndani ni ipi basi? Ni sitara. Na hapa lugha yetu ina ujanja. Kiswahili kina neno moja, kioo, kwa kile cha dirishani na kile cha kujitazamia. Mchana ukiwa ndani, kioo cha mlango ni dirisha. Usiku ukiwasha taa, kilekile kinageuka cha kujitazamia: unajiona wewe mwenyewe na huoni nje. Lakini aliye nje gizani anakuona wewe, sahani yako na kila kitu. Mke wa mjomba alikaa wiki nzima bila kulijua hilo, mpaka siku alipotoka nje usiku akawaona watoto sebuleni kama walio kwenye televisheni. Kitambaa chepesi cha shashi nacho kina tabia hiyohiyo. Mchana kinakusitiri kwa sababu nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, na usiku kinakuanika. Kwa hiyo ukitaka shashi, weka na la pili zito la usiku. Mjomba hakulitupa pazia lake la mahameli. Alimpelekea fundi cherehani alitie bitana ya marekani upande unaotazama kioo, kwa sababu kitambaa cheupe hurudisha sehemu ya mwanga nje kabla haujawa joto. (Wana Kiswahili, mnajua kwamba marekani, kile kitambaa cha pamba, kiliitwa hivyo kwa kuwa wafanyabiashara wa Marekani walikileta Zanzibar kwa wingi katika karne ya 19? Basi mjue.)

Mlango wa kusukuma una matata yake ambayo dirisha halina. Watu hupita pale. Reli ya pazia la mjomba ilikuwa sawasawa na upana wa mlango, na pazia lilifunguka nusu kulia na nusu kushoto. Matokeo yake, ile nusu ya upande unaofunguka ilijikusanya palepale pa kupitia. Kila nyanya alipopita, mahameli yalimkumbatia kichwa, na jicho lenyewe lina bandeji! Chunguza kwanza ni kioo kipi kinachosukumwa. Pazia lote livutwe kwenda upande wa kile kisichosogea, na reli izidi mlango ili kitambaa kipumzike ukutani. Pindo lisiguse ile reli ya chini, maana mchanga wa Garissa hujaa humo, na pindo likiusomba mlango unaanza kukwaruza na kukwama.

Maofisini utaona yale mapazia ya vitambaa virefu vilivyosimama wima. Hayo yanafaa mlango wa namna hii kwa sababu yanaenda kando kama mlango wenyewe. Yale ya vibao vya kulala yanafaa dirisha tu. Mlangoni itabidi uyainue yote kila mtu akitaka kupita, na vumbi hukaa juu ya kila kibao. Aidha, kama nyumbani kuna mtoto mdogo, ogopa kamba za kuvutia zinazoning'inia. Watoto wamekufa kwa kunyongwa na kamba hizo katika nchi nyingi. Ifunge juu kabisa au chagua pazia lisilo na kamba.

Kuhusu kipimo, wengi hukosea hapa kwa kununua kitambaa sawa na upana wa mlango. Pazia likivutwa linakuwa kama shuka iliyoanikwa. Chukua mlango wa mjomba: mita 2.4, ongeza sentimita 20 kila upande, unapata reli ya mita 2.8. Ili pazia liwe na mikunjo, zidisha kwa mbili, unapata mita 5.6. Kitambaa chenye upana wa mita 1.5 kitahitaji vipande vinne. Kila kipande kikiwa na urefu wa mita 2.5 pamoja na mapindo, jumla ni mita 10. Ukienda dukani bila hesabu hii, muuzaji atakufanyia yeye, na mimi sina la kuongeza.

Sasa tuje kwa pesa za chama. Mnajua kwamba ukuta wa nyuma wa darasa letu unatazama magharibi na una madirisha manne ya vioo. Kuanzia saa nane jua huingia, ubao unameta, na walioketi upande ule hawasomi chochote. Kidato cha Nne hulitumia darasa hilo kwa masomo ya ziada ya jioni, na mtihani wao haungoji jua litue. Katika mkutano uliopita wengi walitaka tununue mapazia. Mimi napinga, na sababu nimeshazitaja.

Wengine walisema paa lina ukingo, linatosha. Halitoshi. Sangailu iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu juu ya utosi na ukingo wa paa hulizuia bila shida. Lakini miezi ya Machi na Septemba, saa kumi na robo jua limesimama kama digrii 30 tu juu ya upeo. Ukingo wetu una sentimita 60. Kivuli chake ukutani kinashuka sentimita 35 hivi, na dirisha zima liko chini ya hapo. Mwalimu wa Hisabati aikague hesabu hii kama ana shaka.

Kila dirisha lina upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 1.2. Mapazia ya ndani yatakula vipande vitatu vya mita 1.7 kwa kila dirisha, yaani zaidi ya mita 20 za kitambaa kwa yote manne, pamoja na reli na fundi. Tukiyafunga, upepo nao tumeufungia nje. Badala yake napendekeza mikeka minne, kila mmoja mita 2.2 kwa 1.5. Madirisha yetu ya chuma hufunguka kuelekea nje, kwa hivyo mikeka haiwezi kubandikwa ukutani. Itundikwe kwenye ukingo wa paa, mbele kabisa, ili dirisha lifunguke nyuma yake na upepo uingie kwa chini na kwa pembeni. Mwanga wa kusomea tutaupata upande wa mashariki. Asubuhi, na mvua ikinyesha, mikeka ikunjwe juu na kufungwa, kwa sababu mkeka uliolowa huoza.

Kuna tatizo moja tu ambalo sijalimaliza, nalo ni mbuzi. Mbuzi wa Sangailu hawaheshimu elimu, na mkeka wa nyuzi kwao ni chakula cha mchana. Mpaka wa chini wa madirisha uko mita moja kutoka ardhini, na mbuzi akisimama kwa miguu miwili anapafikia. Nimeshauri tuweke uzio wa miiba upande ule. Mwenye wazo bora alilete mkutanoni.

Nyanya amerudi, jicho lake linaona vizuri. Amesema mikeka miwili anaweza kuisuka yeye, na miwili atamwomba jirani yake, mradi sisi tulete nyuzi na tuwalipe kazi yao. Mkutano ni Alhamisi ya kwanza ya muhula ujao, baada ya kipindi cha mwisho. Mwenye kamba ya katani nyumbani aje nayo. Na Mwalimu, kama mahali popote humu umeona "pazia yangu" badala ya "pazia langu", tafadhali mlaumu mpiga taipu.